Propela Mbili kwa Safari ya Jumatatu

Propela mbili zilikaa juu ya meza yetu ya kulia tangu Ijumaa asubuhi, na mume wangu akawa anakula sahani ikiwa mapajani. Zote zilikuwa za shaba, zote za mapanga matatu, zote zenye upana wa inchi kumi na nne. Asiyejua angesema ni mapacha. Tofauti ilikuwa kwenye namba ya pili iliyogongwa kitovuni: moja ilikuwa na nane, nyingine kumi na tatu. Namba hiyo inakwambia propela ingesonga mbele inchi ngapi kwa mzunguko mmoja, kama maji yangekuwa ubao na yenyewe ni skrubu. Tukaziita hivyo hivyo, Nane na Kumi na Tatu, na nyumba ikagawanyika.

Mimi nilikuwa upande wa Nane. Niseme mapema kwamba nilikosea, maana sipendi hadithi inayomficha mkosaji mpaka ukurasa wa mwisho.

Mume wangu amefundisha hesabu miaka thelathini na mbili, na hata mimi namwita Mwalimu. Figo zake zilikufa mwaka juzi. Mashine ya kumsafisha damu iko hospitali ya ng'ambo, maili kumi na sita za maji, kila Jumatatu na Alhamisi saa tano. Tulikuwa tukienda kwa kivuko mpaka mafuta yalipokwisha mjini. Dizeli haikuja, petroli haikuja, jenereta ya mji ikanyamaza, kivuko kikabaki kimefungwa kamba. Barabara ya kuzunguka ghuba ipo, lakini hakuna gari lenye tone la mafuta. Kilichobaki kinachotembea ni boti ya tanga ya shemeji yangu, mdogo wake Mwalimu. Mwaka uliopita mimi na shemeji tuliing'oa injini yake ya dizeli tukaweka mota ya umeme, betri na paneli za sola. Tulifanya kwa kujifurahisha, na watu walitucheka mpaka wakachoka. Sasa hakuna anayecheka.

Wiki za kwanza upepo ulitubeba. Ukilegea, tuliongeza mota kidogo, na ile propela kuukuu ya enzi za dizeli, ndogo na iliyolika, ilitosha. Kisha upepo ukakata kabisa. Bahari ikalala, tanga likaning'inia, na Alhamisi ile tulitumia saa tisa njiani. Tulipofika, nesi alikuwa na nusu tu ya muda aliohitaji mgonjwa. Akamsafisha nusu, akamrudisha kwetu nusu. Tukarudi usiku kucha, na Ijumaa asubuhi nikaenda kwenye stoo ya karakana yangu ya zamani, mtunza stoo akanipa propela mbili. "Zote zitaingia kwenye shafti yako," akasema. "Ila chagua vizuri, mama."

Kuchagua vizuri ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Miaka ishirini na minne nilikuwa fundi wa tagi, yale maboti mafupi yenye nguvu yanayokokota meli kuingia bandarini. Kwetu watu wa tagi, propela haichaguliwi kwa karatasi. Unaifunga boti kwenye nguzo ya gati kwa kamba nene, unaweka mizani katikati ya kamba, unatia moto, unasoma mizani. Inayovuta kilo nyingi ndiyo propela, nyingine ni pambo. Nimewaona wahandisi wenye tai shingoni wakiisubiri mizani hiyo huku jasho linawatoka, na haikuwahi kutudanganya hata mara moja.

Gati letu hukauka maji yakitoka. Boti hukaa juu ya mchanga kwa muda wa saa tano au sita, na siku zile ilikuwa alasiri, na hapo ndipo unaweza kubadilisha propela bila kulowa. Ijumaa alasiri tukafunga Nane. Jumamosi asubuhi maji yalipojaa tukaifunga boti kwenye nguzo, mizani ya magunia katikati ya kamba, mota kwenye wati elfu moja na mia tano. Kilo hamsini na mbili. Alasiri tukatoa Nane, tukafunga Kumi na Tatu. Jumapili asubuhi, wati zilezile, nguzo ileile: kilo arobaini na moja.

"Kilo kumi na moja zimepotea," nikamwambia shemeji kwa sauti ya kusikika mbali. "Mwambie kaka yako azitafute ndani ya daftari lake."

Mwalimu alikuwa amekaa gatini kwenye kiti cha plastiki, miguu imevimba mpaka kandambili zinambana. Kwenye goti alikuwa na daftari la mistari alilojaza hesabu tangu Ijumaa.

"Fundi," akasema. Ndivyo anavyoniita. "Boti iliyofungwa haiendi popote."

"Ndiyo maana ya kufungwa."

"Nisikilize basi. Ikifungwa, propela inayakuta maji yamesimama. Ikitembea, maji yanakuja yakiwa tayari yanakimbia. Nane itabidi izunguke kama kichaa kuyafikia tu, kabla haijasukuma kitu. Umeme utaishia humo. Tunataka maili nne kwa saa, kwa saa nne, na betri ina yuniti nane tu za umeme. Kumi na Tatu inaweza. Nane haiwezi."

"Mizani inasema inaweza."

"Mizani imeulizwa swali jingine."

Shemeji akainama kukunja kamba ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, ana ndevu na kifua, lakini mimi na kaka yake tukianza hugeuka mtoto wa chekechea.

Kwa haki ya Mwalimu, aliomba jambo dogo tu: twende mpaka boya la kwanza na kurudi, kwa kila propela, tusome mita ya umeme boti ikiwa inatembea. Nikakataa. Majaribio hayo yangekula yuniti tatu au nne, na paneli zisingezirudisha kufikia kesho. Hilo lilikuwa kweli, na nilifurahi kwamba ni kweli, maana sikutaka kwenda. Mtu aliyekwisha kushinda hataki mechi irudiwe.

Na kesho haikuwa siku ya kubahatisha. Kwenye njia yetu, maili ya kumi na mbili, kuna mlango mwembamba kati ya visiwa viwili vya mawe, na ghuba nzima hupumua kupitia hapo. Maji yakiingia yanakusukuma, yakianza kutoka yanakurudisha. Jumatatu yangegeuka saa nne kasorobo. Boti yenyewe isingeelea kutoka mchangani kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Kwa maili nne kwa saa ungepita ukiwa na robo saa mkononi. Ukipungua hapo, mlango umefungwa mpaka alasiri, na mashine haisubiri alasiri.

Mara ya tatu alijaribu mezani, saa nane mchana, kabla sijaondoka kwenda kufunga propela ya mwisho. Alisogeza Nane pembeni, akafungua daftari mbele yangu. "Angalia mstari huu tu," akasema. "Mstari mmoja."

Jambo nililosema nitalibeba mpaka kaburini, kwa hiyo nalieleza lilivyo. Mwalimu anaruhusiwa nusu lita ya maji kwa siku. Jumamosi nilimkuta jikoni amefunga mlango, anakunywa glasi ya pili kwa kuiba, macho amefumba. Nilikuwa nimenyamaza. Jumapili mezani sikunyamaza. Nikamwambia, "Maji yanayoingia tumboni mwako mwenyewe yamekushinda kuhesabu, leo unihesabie ya bahari?"

Akafunga daftari polepole.

"Sawa," akasema. "Funga yako."

Nikafunga. Nilikaza ile nati nikipiga mluzi, Mungu anisamehe, na shemeji akanipa spana moja baada ya nyingine.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu boti ikanyanyuka mchangani na sisi tukaondoka. Kulikuwa kumekucha kweupe, maji yametulia kabisa. Mwalimu tulimlaza nusu kwenye benchi la nyuma, mito miwili mgongoni, maana akilala chali pumzi zinampaa. Shemeji alishika usukani. Mimi nilikaa mbele ya mita.

Boti ilitoka vizuri sana. Nane ilishika maji kwa nguvu, mkia ukazama kidogo, nikamtazama Mwalimu kwa jicho la ulisema nini. Kisha boti ikapata mwendo, na mwendo ulivyopanda nikasikia mota ikianza kulia juu zaidi, na zaidi, kwa sauti ambayo tagi haitoi kamwe. Tulipofika maili nne kwa saa nikasoma mita. Wati elfu mbili na mia saba.

Nilisoma tena. Nikagonga kioo kwa ukucha. Nikakagua waya, nikashika mota kama ina joto, nikainama kutazama kama kuna kamba au jani limejisokota kwenye shafti. Hapakuwa na kitu. Kila kitu kilikuwa kizima, kila nati iko mahali pake. Yuniti nane kwa mwendo huo ni saa tatu kasoro, maili kumi na mbili kasoro. Hesabu hiyo hata mtu wa tagi anaiweza.

"Vipi?" shemeji akauliza.

"Endelea."

Hakuuliza tena. Alikuwa ameiona sura yangu. Hakukuwa na kurudi pia, maana kurudi ni kumwambia mgonjwa aliyesafishwa nusu akae mpaka Alhamisi, na nesi alikuwa ameshaniambia kwenye simu, bila kupaka mafuta, kwamba moyo wake hautafika Alhamisi. Nikafanya alichofanya kila mjinga aliyebanwa: nikaomba upepo. Nilisimama kwenye kamba za tanga nikitazama maji pande zote, na hakuna hata kunyanzi lililotokea.

Saa mbili tulikuwa maili ya sita na nusu ya betri imekwenda. Nikamwambia shemeji apunguze. Tukashuka hadi chini ya maili tatu, mota ikanyamaza kidogo, mita ikatulia, na tukawa tunaokoa umeme kwa kupoteza saa. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Midomo imekauka mpaka imepasuka. Nikalowesha kitambaa nikampangusa, akanyonya pembe ya kitambaa kidogo kabla hajakumbuka, akaachia.

Tulifika mlangoni saa nne na robo. Maji yalikuwa yameshageuka, na mlango ule haujui taratibu, yakigeuka yanatoka kwa nguvu mara moja. Unayaona hata kwa mbali, yanakunja ngozi na kutoa povu kwenye mawe. Shemeji akajaribu. Nikampa mota yote, ikapiga kelele mpaka mwisho wa mizunguko yake, na boti ikasimama mahali pamoja dhidi ya mkondo, jiwe lilelile ubavuni, dakika tano nzima. Hapo Nane ilikuwa nzuri kweli. Ilivuta sana na hatukwenda popote. Nikazima nusu, tukarudishwa nyuma, tukajibanza nyuma ya kisiwa kwenye mchanga mweupe, mita tatu za maji, tukatupa nanga.

Nikampigia nesi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefanya kazi mbili kwa mara moja. "Mama, mashine ninayo mpaka saa kumi. Mgonjwa wa mwisho lazima aanze kufikia saa kumi, maana kumsafisha kunachukua saa nne nzima, na saa mbili usiku umeme wetu unapunguzwa. Mkipita saa kumi sitakuwa na la kufanya."

Mkondo ungetulia saa kumi yenyewe. Kutoka mlangoni mpaka hospitali ni maili nne zaidi. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na ningependa kusema kwamba nilifikiri, lakini ukweli nilikaa juu ya sanduku la spana nikalia, kwa sauti, mbele ya shemeji, jambo ambalo hajawahi kuliona.

Aliniacha nilie. Kisha akafungua mbao za sakafuni mwa boti, akaingiza mkono, akatoa kitu kizito kilichofungwa kwenye gunia. Ilikuwa Kumi na Tatu.

"Nilimwamini kaka," akasema, akitazama pembeni. "Lakini wewe shemeji nilikuogopa."

Nilitaka kumpiga na kumkumbatia. Kwenye tagi nimezamia chini ya propela mara nyingi, kukata kamba zilizojisokota. Kubadilisha propela nzima kwa pumzi zako mwenyewe ni kazi nyingine, ila inawezekana, kama mkondo haukugusi na vyombo unavyo. Lakini kabla ya kuzama nilitaka kujua jambo moja: je, Kumi na Tatu ingeushinda mkondo mapema, tuseme saa nane, kabla haujatulia? Kama haiwezi, hakuna maana ya kulowa. Hesabu hiyo sikuiweza. Nikachukua daftari la Mwalimu kutoka chini ya mto wake nitafute jibu.

Alikuwa ameandika vizuri kama anavyoandika siku zote, vichwa vya habari vimepigiwa mstari kwa rula. Ukurasa wa Jumapili ulikuwa na tarehe na saa: saa tisa alasiri. Yaani nilipokuwa gatini napiga mluzi. Kichwa kilisema, "Nane." Chini yake hesabu za kurasa mbili, si za kubishana na mtu, maana mtu alikuwa ameshaondoka. Na mwisho: "Itaishia maili ya 12. Wakipunguza mwendo, mlangoni saa 4.15."

Nilitazama saa yangu, sijui kwa nini. Kisha nikamtazama yeye. Alikuwa amefumbua macho.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Ukapanda boti."

"Nilipanda."

"Kwa nini hukunizuia, Mwalimu? Kwa nini hukutupa hiyo Nane chooni, hukumwambia mdogo wako, hukulala mlangoni?"

"Nilikuzuia mara tatu," akasema. "Baada ya mara ya tatu nikakaa mezani peke yangu, nikafikiri labda hii ndiyo ruhusa yangu. Kwamba sitakuwa nimekataa matibabu. Nitakuwa nimekwama tu njiani, na hakuna atakayenilaumu."

Shemeji akageuka akaenda kukaa mbele kabisa ya boti, mgongo kwetu.

"Nimechoka, mke wangu," Mwalimu akasema. Hakuniita Fundi. "Si leo. Nimechoka tangu kivuko kikiwa bado kinatembea. Siku mbili njiani, siku mbili kitandani kupona safari, halafu kiu, halafu tena. Nilikuwa nakwambia na wewe ukawa unanijibu kwa spana. Kila nikisema siwezi, unatengeneza kitu."

Hiyo ilikuwa kweli tupu. Mota ile, betri zile, hata paneli. Alisema amechoka, nikaweka paneli ya tatu.

Nikaanza kumbembeleza, na kubembeleza si kazi yangu, kwa hiyo nilifanya vibaya. Nilimtaja binti yetu. Nilimtaja mjukuu. Nilimwambia maneno niliyosema mezani nayarudisha yote, nayameza, anisamehe. Akasema amenisamehe palepale mezani, jambo lililoniumiza zaidi. Nikamuuliza kama Kumi na Tatu inaweza kuupita mlango saa nane. Akanyamaza. Miaka thelathini na tano ya ndoa, sijawahi kumwona mtu huyo akiulizwa hesabu akanyamaza.

Basi nikapiga magoti kwenye mbao zenye maji, nikamshika ule mkono wenye uvimbe pale mishipa inapochomwa sindano za mashine. "Leo nipe mimi," nikasema. "Leo tu. Si hapa, nyuma ya jiwe, kwa kosa langu. Siwezi kuishi na hili. Nipe leo, na Alhamisi nitakusikiliza."

"Utanisikiliza kweli, au kama Jumapili?"

"Kweli."

"Nikisema nakaa nyumbani?"

Nilitaka kusema tutaona. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini aliniangalia jinsi alivyokuwa akiwaangalia wanafunzi wanaokisia jibu, nikalimeza. "Utakaa nyumbani," nikasema.

Akanyoosha mkono. Nikampa daftari na penseli. Aliandika muda mrefu, akipumzika kati ya mistari, na penseli ilimponyoka mara mbili nikaiokota. "Saa nane mkondo utakuwa maili nne kwa saa," akasema. "Nane ikipewa yote inafika nne na nusu, betri itaisha ukiwa bado mlangoni. Kumi na Tatu ikipewa yote, sita. Betri na kilicholetwa na jua vitatosha. Kidogo sana kitabaki, lakini vitatosha."

Nikafunga kamba kiunoni, nikampa shemeji ncha ya pili, nikaingia majini.

Sitaeleza yote. Nati niliikaza mwenyewe Jumapili, kwa kiburi, na kiburi kilikuwa kimekaza vizuri. Nilizama mara thelathini na kitu. Shemeji alishuka nusu mwili kunishikilia spana, pua zangu zikatoa damu, vidole vikachanika kwenye ganda la shafti, na mara moja nilibaki chini mpaka nikaona nyota, nikavutwa juu kwa kamba nikitapika chumvi. Kila nilipotoa kichwa nilimsikia Mwalimu akisema saa. Saa sita na nusu. Saa sita na dakika arobaini. Alikuwa anasema kwa sauti ya darasani, polepole, na kila mara nilishika sauti hiyo nikazama nayo. Nane ilipoachia shafti ilianguka mchangani chini. Sikuifuata. Saa nane kasoro dakika tano Kumi na Tatu ilikuwa mahali pake na pini yake imepindwa.

Tukang'oa nanga. Shemeji akaielekeza boti mlangoni, nikatoa umeme wote. Mota haikulia. Iliunguruma chini kwa chini, na boti ikajikaza, na lile jiwe la asubuhi likaanza kurudi nyuma, polepole, kisha kwa uhakika. Nusu saa tulipigana na maji yale, nikihesabu asilimia zinavyoshuka. Kisha mkondo ukatuachia, tukaingia kwenye maji mapana ya ng'ambo. Nikapunguza mpaka maili nne kwa saa.

"Soma," Mwalimu akasema bila kufumbua macho.

"Wati elfu moja na mia nane."

"Elfu moja mia saba na tisini ningesema," akanung'unika, "lakini propela yenyewe si mpya." Na akacheka, mtu yule, kicheko kidogo cha pumzi. Nikacheka pia, damu puani, nywele zimesimama kwa chumvi. Hayo mapana ya maji tuliyavuka tukiwa na furaha, nalisema bila aibu. Boti ilikuwa inateleza. Kwa propela ile tungeweza kumpeleka kila Jumatatu na kila Alhamisi, bila upepo, bila dizeli, mwaka mzima na zaidi. Niliijua hesabu hiyo na yeye aliijua, na hakuna aliyeitaja.

Tuligusa gati la hospitali saa tisa na nusu. Wakaja na kiti cha magurudumu. Saa kumi kasoro kumi sindano ilikuwa mkononi mwake na mashine inazunguka, damu inatoka nyeusi na kurudi. Shemeji alilala kwenye benchi la nje kama gogo. Mimi nilikaa kando ya kitanda, nimevaa gauni la wagonjwa, maana nguo zangu zilikuwa zinachuruzika.

Saa mbili kasoro nesi alirudi kumwondoa kwenye mashine. Ni binti mzuri, mchangamfu, hakosi la kutania. Alimwambia Mwalimu ameonekana kijana tena. Rangi ilikuwa imerudi kweli, na vifundo vya miguu vilikuwa vinaonekana. Kisha akachukua kadi ya miadi kutoka miguuni mwa kitanda na kubonyeza kalamu.

"Alhamisi saa tano, kama kawaida," akasema, na akaanza kuandika.

Mwalimu aligeuza kichwa kwenye mto, akanitazama mimi. Hakunitazama kwa kuomba wala kwa kunikumbusha. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyosubiri gatini na mezani, aone kama mara hii nimesikia.

Nilikuwa na sababu zote. Betri ingejaa kufikia Jumatano. Propela ilikuwa sahihi. Nilijua njia, nilijua saa za maji, na mikono yangu bado ilikuwa mizima.

"Usiandike, mwanangu," nikamwambia nesi. "Alhamisi hatuji."